Unga wa Tofali

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na kila Jumatatu asubuhi nilikagua meno. Watoto walipanga mstari mbele ya darasa, nami nikapita kwa mmoja mmoja. "Onyesha meno!" Wanakenua. Wengi walisugua kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa laini, pamoja na makaa ya kusagwa na chumvi kidogo, kama nilivyofundishwa mimi pia nilipokuwa mdogo. Aliyekutwa na ukoga nilimtuma ziwani akasugue upya kabla ya somo la kwanza.

Vita ya kwanza ya huku kwetu ilikuwa imepita. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, tulikuta milango ya shule imekuwa kuni na madawati hayapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa Lubondja miezi mingi, nikilima shamba la watu ili nipate muhogo wa kula. Nilirudi na hasira nyingi, na wa kumtolea sikumwona. Nisingeweza kuwadai watoto madaftari wala sare. Meno ningeweza kuyadai, na niliyadai kwa ukali nikijiona mwalimu hodari.

Katikati ya mwaka, mama mmoja muuza maziwa alimleta binti yake wa miaka kama tisa. Walikuwa wameshuka kutoka milimani, juu kupita Bibokoboko, kwa watu wa ng'ombe. Jumatatu yake ya kwanza alipokenua, nilirudi nyuma hatua moja. Meno ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia, kama kikombe cha chai kilicholala bila kuoshwa.

"Weye, unasuguaka meno?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kila asubuhi."

"Uongo. Kwenda ku ziwa."

Alikwenda, akarudi na meno yaleyale. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Darasa likaanza kumwita Kutu. Nililisikia jina hilo kwa masikio yangu, nikaendelea kuandika ubaoni.

Leo naweza kusema kwa nini, ingawa inaniuma. Siku zile, huku kandokando ya ziwa, watu wa milimani walilaumiwa kwa vita na kutajwa kwa sauti ya chini, na kila mtu alikuwa na kisa chake cha kuwachukia. Angekuwa mtoto wa mvuvi wa jirani, ningepita kwao jioni nikaulize kuna tatizo gani. Kwa huyu sikuuliza. Nilikuwa nimeshajipa jibu kabla hajafungua mdomo.

Jumatatu ya nne nilikuja na kipande cha tofali. Kila mama wa huku anajua kwamba unga wa tofali unang'arisha sufuria iliyokataa majivu. Nilikisaga juu ya jiwe, nikamwita msichana mbele, nikampa kijiti na kikombe cha maji. "Sugua, bote baone." Alisugua. Darasa lilicheka, kisha likaacha kucheka, kwa sababu mate aliyotema yalikuwa mekundu, na haukuwa wekundu wa tofali peke yake. Hakulia. Alifuta kidevu kwa mkono, akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Sasa inatosha, Mwalimu?"

Meno yalikuwa kama mwanzo. Nikamwambia akae, na kesho asugue tena.

Kesho yake alikuja mama yake, na chupa ya maziwa mkononi. Hakupandisha sauti. Alinipa ile chupa kwanza, ndipo akasema.

"Mwalimu, mutoto iko nasugua kila siku, mi mwenyewe naona. Kule kwetu batu bote biko na meno ya vile."

Ningeweza kusema lolote. Nilisema: "Basi kwenu bote muko bachafu."

Alinitazama kidogo, akaniaga, akaenda zake. Maziwa niliyanywa. Msichana hakurudi tena darasani.

Wiki mbili hivi baadaye, muuguzi anayetibu meno alipita shuleni kuangalia vinywa vya watoto. Alikuwa mtu mpole, mwenye kioo kidogo cha mpini mrefu. Aliwaonyesha namna ya kusugua hadi nyuma, juu na chini, polepole, hasa kabla ya kulala, na akawaomba wasingoje maumivu ndipo waende kwake. Kisha akasema walimu nao wakae kwenye kiti. Mimi nilikaa nikijiamini. Alichungulia muda mrefu.

"Mwalimu, unasuguaka yenye inaonekana tu. Huku nyuma mbili imeoza."

Watoto walikuwa wamesimama pale pale wakisikia. Uso uliniwaka moto. Kwa kutafuta pa kujificha, nikamwambia kwamba mimi si kitu, angemwona mwanafunzi niliyekuwa naye, mtoto wa milimani, meno kama kutu, mchafu kupindukia.

Aliacha kufuta kioo chake.

"Ule mutoto mi namujua. Mama yake alimuleta kwangu. Ile haiko uchafu, Mwalimu, ni maji ya kwabo. Aliikunywa wakati meno ilikuwa ingali ndani ya ufizi, ikaingia rangi. Hata asugue mpaka kesho, haitatoka. Lakini haiko hata na jino moja ya kuoza." Akakiweka kioo chini. "Ufizi yake ndiyo ilikuwa imekatwakatwa. Alisuguliwa na kitu kama tofali. Mama yake hakutaka kusema. Nani alifanya vile?"

Darasa zima lilinitazama. Watoto wote walijua.

"Sijui," nilisema.

Hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Nilikuwa nimewafundisha kuniogopa, na siku ile woga wao ulinifaa. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, wakati wa vita mtu anasema, lakini ule ndio ninaouonea haya kuliko wote.

Jumamosi nilikwenda sokoni kuomba msamaha. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Niliwaona kwa mbali, mama amekaa nyuma ya madumu yake, binti pembeni yake akimsimulia jambo na kucheka, mdomo wazi, meno yote nje. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka. Nilipofika mbele yao alinyanyua macho, akanitambua, na papo hapo akafunika mdomo kwa kiganja.

Nilinunua maziwa. Mama alinipimia vizuri, akaongeza kidogo juu, nikasema asante, nikaondoka.

Niliapa nitarudi Jumamosi nyingine, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Kisha vita ya pili ikaingia, na watu wa milimani waliokuwa mjini wakaondoka wale walioweza kuondoka. Sijui kama hao wawili walikuwa kati yao. Kama yuko hai, yule binti sasa ni mama wa watu, na huenda mpaka leo kila akitaka kucheka mkono unatangulia mdomoni, na watoto wake hawajui ni nani aliyemfundisha.