Kila Majina Matatu, Ruka Mstari

Mimi nina kiburi. Nalisema mapema ili msije mkadai nimewaficha. Mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa nacho, na mwaka niliorudi kutoka Tarime mjini na cheti cha kompyuta cha miezi sita, kiburi chenyewe kilikuwa kimenona.

Kule mjini nilifundishwa na mwalimu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mtu mwembamba mwenye Kiswahili cha Kenya na uvumilivu wa ajabu. Wiki nzima ya kwanza hatukufanya kingine ila kuiamuru mashine iandike maneno kwenye kioo. Unaiambia iandike jina lako, inaandika. Unaiambia iandike majina ya watu wawili, inayabandika pamoja utadhani ni mtu mmoja. Kumbe kompyuta haina habari na mistari! Haijui mtu anaishia wapi. Ukitaka iteremke chini lazima uweke alama yake, kijiti kilicholalia nyuma halafu herufi n. Usipoiweka, itaandika mfululizo mpaka Musoma.

Zoezi letu la kwanza kubwa lilikuwa orodha ya darasa. Wenzangu walihangaika kuweka ile alama mwisho wa kila mtu. Mimi nikaona wanapoteza muda. Nikayamwaga majina yote mfululizo, nikaiamuru mashine: kila majina matatu, ruka mstari. La mtu, la baba, la babu. Orodha ikatoka safi, nikapiga kifua. Mwalimu akaitazama, akakuna kidevu.

"Wewe unahesabu majina, huhesabu watu," akasema. "Akikuja mtu wa majina mawili utafanya aje?"

"Mwalimu, huku kwetu hakuna mtu asiye na babu," nikamjibu, darasa zima likaangua kicheko. Na yeye alicheka. Angekuwa mwingine angenizaba kofi.

Nikarudi nyumbani, upande wa Genkuru, nikakuta rashi imeanza. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye mteremko nyuma ya kijiji, na watu walikuwa wanamiminika na sururu, mabeseni na maturubai, wengine wa Itiryo, wengine wa Kisaka, wengine hata hukujua wametokea wapi. Lakini mteremko ule ulikuwa na makaburi. Zamani miji, yaani maboma ya watu, ilikuwa kule juu, kabla hawajahamia barabarani, na kila mji ulizika watu wake pale pale. Wazee wakakaa na wachimbaji, wakaelewana. Kila familia ingepewa siku yake ya kuhamisha marehemu wake, Jumatatu mpaka Jumatano. Alhamisi asubuhi wachimbaji wanaingia, na hapo hakuna tena kusubiriana.

Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba akaandika majina kwenye daftari, mfululizo, bila nukta wala mkato, kama kawaida yake. Kisha akaniletea mimi.

"Wewe si umesoma kompyuta? Tutengenezee kitu cha kueleweka."

Weee! Siku ile hata chai sikumaliza. Nilikuwa na kompyuta kuukuu aliyoniachia kaka yangu. Nikaingiza majina ya kila siku kama yalivyofuatana kwenye daftari, nikatumia amri yangu ile ile. Nikaenda kuchapa steshenari sokoni, karatasi tatu, moja kwa kila siku, mistari imenyooka. Zikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Watu wakaja kusoma, na mimi nimesimama pembeni najifanya nina shughuli nyingine.

Sasa nisikilizeni. Mahali pengine kosa langu lingeonekana siku hiyo hiyo. Lakini sisi Wakurya majina yetu ni machache na ni yale yale. Jina lako ndilo la baba wa jirani, na ndilo la babu wa mwenzake. Okota majina yoyote matatu, yapange, umepata mtu, tena pengine ni shemeji yako.

Kwenye karatasi ya Jumatano, mzee mmoja jirani yetu alikuwa ameandikisha majina mawili tu. Baada yake, wa mwisho kabisa, alifuata bibi mmoja mjane. Huyu, alipoulizwa mji ni wa nani, alitaja jina la marehemu mumewe, moja tu, akanyamaza. Mawili na moja ni matatu. Mashine ikaruka mstari. Watu wawili wakatoka mtu mmoja.

Na nilishtuliwa, jamani, si kwamba sikushtuliwa. Yule mzee alisoma jina lake pale mlangoni akanigeukia.

"Binti, mmenipa babu mpya. Huyu mimi simjui."

"Si afadhali umeongezewa, tata?" nikamjibu. Tukacheka wote wawili, yakaisha.

Yule bibi alikuwa na kaburi moja tu kule juu, la binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyechukuliwa na surua akiwa darasa la pili. Mumewe alizikwa Kisaka kwa ndugu zake. Kwa hiyo hapa karibu, wa kwake alikuwa mtoto huyo. Alikuwa ameshapata mahali pa kumlaza, nyuma ya jiko, na ameshanunua blanketi jipya la kumfungia.

Jioni ile akaja nyumbani. Hakujua kusoma, na aliyemsomea alimwambia hamwoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wanasema simo."

Nilikuwa nachambua mchicha. Ningefuta mikono nikatembea naye mpaka ofisini, ni hatua chache tu. Sikunyanyuka hata.

"Umo, bibi. Hao hawajui kusoma vizuri. Kompyuta haikosei. Wewe tulia, mgambo atakupitia siku yako ikifika."

Akanishukuru. Mpaka leo shukrani ile inaniuma kuliko mengine yote.

Jumatatu alikaa mlangoni, ameoga, amejifunga kitambaa safi kichwani, blanketi limekunjwa mapajani. Jumanne vivyo hivyo. Mgambo alikuwa anapita na vijana wa kuchimbua, anaita waliomo kwenye karatasi, anaendelea. Jumatano nilipita mbele yake mwenyewe, nakwenda kutazama watu wakihamisha.

"Bado, bibi?"

"Bado, mjukuu. Nasubiri."

Nami nikampita! Najiuliza hivi akili yangu ilikuwa wapi, siku ya mwisho hiyo, na sipati jibu la maana. Nilikuwa na uhakika, basi. Mtu mwenye uhakika hana haja ya kufikiri.

Usiku ulipoingia alidhani mgambo amechelewa, atampitia alfajiri. Alfajiri akasikia sururu. Alipofika juu na magoti yake yale, pale alipomlaza mtoto palikuwa shimo, udongo umemwagwa juu ya udongo, na hakuna aliyejua kilichotoka kimekwenda wapi. Wachimbaji hawakuwa na kosa. Waliambiwa Alhamisi, wakaja Alhamisi.

Ijumaa mwenyekiti akaniita ofisini. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, blanketi bado analo.

"Nionyeshe nilipo," akasema.

Nikasoma karatasi ya Jumatano mara mbili ndipo nikaelewa. Nikamwekea kidole chake juu ya jina la mumewe.

"Hapa, bibi."

"Peke yangu?"

"Hapana. Nimekuunganisha na jirani."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana, ningeshukuru angenipiga na fimbo yake mbele ya watu. Alitikisa kichwa tu. Nilirudi nyumbani nikairekebisha ile amri, alama mwisho wa kila mtu kama nilivyofundishwa, kazi ya dakika moja. Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Wazee wakashauri kizikwe chochote cha yule mtoto nyuma ya jiko, mama yake apate pa kukaa naye. Hakikuwepo. Nguo zake zilikwisha gawiwa zamani, picha hakuwahi kupigwa. Bibi akanitumia mtu.

"Niandikie jina lake," akaniambia nilipofika. "Kwa ile mashine yako."

"Niweke na la baba yake na la babu?"

"La kwake tu."

Nikaenda kuchapa. Karatasi nzima nyeupe, jina moja juu, na chini hakuna kitu. Nilimkuta amesimama kando ya shimo dogo pamoja na majirani, nikampa kwa mikono miwili.

"Liko peke yake, bibi," nikasema.

Akampa yule mzee jirani asome. Mzee akasoma. Bibi akaichukua, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akasoma. Akampa na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, naye akasoma, jina lile lile. Ndipo bibi akaifunga kwenye blanketi, akawaruhusu vijana wafukie.