Mzee Manyoya Nilimshona Mimi

Jitu lililofanya watu wa jengo zima waanike nguo zao chumbani nililishona mimi.

Ndiyo, mimi. Kwa cherehani hii hii ninayoshonea sare za shule na mapazia.

Usicheke. Mpaka leo kuna watu wazima, wenye ndevu zao, hawapandi juu ya paa bila kusindikizwa. Nikiwaambia lile lilikuwa vazi nililoanika likauke, wananiangalia mimi kama ndiye mwenye matatizo.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Nilikuwa nimepanga chumba cha chini kwenye jengo moja la ghorofa. Mbele nashona, nyuma ya pazia nalala. Chumba nilitafutiwa na mjomba wangu, mdogo wa marehemu mama, ambaye ndiye alikuwa mlinzi wa geti hapo. Mjomba ndiye aliyenilea. Mtu mkimya, mnyoofu mpaka anaudhi. Ukimuuliza kama nguo imekupendeza na haijakupendeza, anakwambia haijakupendeza.

Siku moja akaja mwongozaji wa kikundi cha maigizo.

"Fundi, nataka jitu."

"Jitu la namna gani?"

"Refu. Manyoya mwili mzima. Jicho moja, jekundu. Mtu akiliona ajute kukata tiketi."

Nikaingia kazini. Manyoya nikayatengeneza kwa nyuzi za mopu na magunia niliyoyafumua, nikayachovya kwenye rangi nyeusi. Jicho nikashonea kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli.

Sasa, vazi zito namna ile ukilianika kwa vibanio linavutika, mabega yanashuka mpaka kiunoni. Sisi mafundi tunapitisha mti wa fagio kutoka mkono mmoja mpaka wa pili, halafu tunalitundika limesimama kama mtu. Nikapanda nalo juu ya paa, nikalitundika pembeni penye upepo, nikarudi kwenye mapazia yangu.

Jioni, jua linashuka, nikasikia ukunga barabarani.

"Mama yangu weee! Linanikonyeza!"

Alikuwa Mama Saluni, jirani yangu wa mlango wa pili, mwenye saluni ya kina mama. Amesimama ng'ambo ya barabara, mkono kichwani, kidole kinaonyesha paani. Nikatoka na futi yangu ya kupimia shingoni, nikatazama juu. Upepo unalizungusha vazi langu taratibu, jua linapiga kwenye kile kioo.

Nikacheka, jamani. Nikasema, "Mama Saluni, hilo ni vazi la maigizo. Nimelianika mimi."

"Fundi, punguza sauti. Utaliudhi."

"Nakwambia ni vazi!"

"Vazi linakonyeza?"

"Lina jicho moja, linakonyezaje?"

Hapo akanikata jicho kama nimemtukana mama yake.

Nikaona isiwe shida. Nikapanda ngazi za nyuma, vazi lenyewe limeshakauka, nikalitungua, nikalikunja, nikaliweka chumbani kwangu chini ya meza. Natoka nje, barabara imejaa.

"Limepotea! Mmeona? Limeyeyuka mbele ya macho yetu!"

"Halijayeyuka," nikasema. "Nimelitoa mimi."

Mtu mmoja akanishika bega kwa huruma. "Ulipanda kule? Na likakuacha hai?"

Kesho yake asubuhi jitu lilikuwa na jina: Mzee Manyoya. Hilo "Mzee" waliliongeza wenyewe, maana kuna walioona si vizuri kulitaja bila heshima.

Fundi simu wa pale kona alikuwa amelirekodi. Akaivuta ile picha karibu, karibu, karibu zaidi, mpaka ikabaki doa jeusi linalotetemeka. Watu wakaisambaza hiyo.

Ticha wa ghorofa ya tatu akapanda paani mchana kweupe, na watu nyuma yake, akayakuta matone ya rangi yangu yamekauka sakafuni. Akachuchumaa, akavua miwani.

"Damu," akasema. "Viumbe wa aina hii damu yao ni nyeusi."

"Ticha, hiyo ni rangi ya kuchovya nguo. Angalia, hata kucha zangu zinayo."

Akaziangalia kucha zangu. Akarudi nyuma hatua kadhaa. "Umelishika?"

Weee! Nilichoka.

Basi Mzee Manyoya akahamia rasmi jengoni kwetu, na sijawahi kuona mpangaji aliyewafaa wenzake kama yeye.

Pampu ya maji ilikuwa mbovu tangu sijahamia. Mwenyekiti wa wapangaji kila akiulizwa alikuwa anakohoa. Sasa akawa na jibu: mafundi wanaogopa kupanda juu. Baba mmoja wa ghorofa ya pili, mchelewaji maarufu, akaanza kumwambia mkewe kwamba amezuiwa kwenye ngazi na Mzee Manyoya. Mke akawa anamwandalia maji ya moto na pole juu. Nyama ikipungua kwenye sufuria ya jiko la pamoja, Mzee Manyoya. Mtoto akifeli mtihani, hakulala vizuri, si unajua hali ilivyo hapa kwetu.

Saluni ndiyo usiseme. Wanawake wanatoka mitaa ya mbali kuja kusukwa hapo, nywele zenyewe hawana haja nazo, wanataka kusikia alivyokonyezwa. Na kila kichwa kipya Mama Saluni alitia chumvi mpya. Mwanzo lilikonyeza. Baadaye likaita jina lake. Mwishoni likawa linamtaka awe mke wa pili.

Mtu mmoja tu hakuwa na cha kusimulia. Mjomba.

"Wewe mlinzi, uliliona saa ngapi?" wanamuuliza.

"Sijaona kitu."

"Hata mlio?"

"Sijasikia mlio. Niliona nguo ya mpwa wangu imeanikwa."

Haya, patamu hapo. Watu wakaanza kunong'ona. Inawezekanaje jitu refu vile lipite getini mlinzi asilione? Ama anasinzia kazini, ama wanajuana. Mwingine akasema ameshamwona mjomba anacheka peke yake. Mwingine akakumbuka kwamba mjomba ana nyusi nyingi.

Mwenyekiti akaitisha kikao Jumapili mchana, pale wanapoegesha magari. Ajenda ilikuwa moja, kumwondoa mlinzi.

Hapo kicheko kikanikauka. Mjomba ana watoto watatu shuleni. Umri umekwenda, na kazi ya geti ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya. Nani atamchukua mlinzi aliyefukuzwa kwa kushirikiana na jitu?

Nikamfuata getini. "Mjomba, waambie tu uliona kivuli. Kidogo tu."

Akaniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu, mimi nikufundishe kusema ukweli tangu mdogo, leo unifundishe uongo?"

Niliona aibu, sikufichi. Nikarudi ndani nimeamua: mjomba sitamwacha aumbuke na ushahidi ninao chini ya meza.

Jumapili ikafika. Viti vya plastiki vimepangwa, Mama Saluni amekaa mbele amevaa kama yuko harusini. Mjomba amesimamishwa pembeni, kofia yake ya kazi mkononi. Mwenyekiti anasoma mashtaka kwa sauti nzito.

Mimi nikavaa vazi. Lote, mpaka kichwa. Nikatoka chumbani taratibu, nikaingia katikati ya kikao, nikasimama.

Wakanitazama juu mpaka chini.

Mtoto mmoja akacheka. Hakuna aliyekimbia, hakuna hata aliyeinuka kitini.

Nikavua kichwa. "Haya, Mzee Manyoya wenu ndiye huyu. Nyuzi za mopu, gunia, na kioo cha baiskeli. Mjomba wangu hana kosa."

Nikangoja waone haya. Mama Saluni akainuka, akanizunguka, akashika manyoya kwa vidole viwili.

"Hili fupi," akasema.

"Fupi sana," watu wakaitikia.

"Nywele nazijua, ndiyo kazi yangu. Zile hazikuwa nyuzi za mopu. Zile zilikuwa nywele zenyewe, na hazijawahi kuona kitana."

"Halafu lile linanuka, hili halinuki," akasema yule baba mchelewaji, na mimi nilikuwa nimetoka jasho mle ndani hadi nanuka kweli.

Nikageuka kwa Ticha, nikasema moyoni huyu amesoma, huyu ataniokoa. Ticha akavua miwani.

"Ndugu zangu, tusimlaumu fundi. Tujiulize. Kama hakuliona, amewezaje kulishona likafanana hivi?"

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Mungu wangu! Ushahidi wangu ukageuka ushahidi wao, na mimi nimesimama nimekishika kichwa cha vazi kwapani.

Mwenyekiti akapiga meza. "Imetosha. Namuuliza mlinzi kwa mara ya mwisho. Uliliona, au hukuliona?"

Mjomba akaniangalia. Nikamwitikia kwa kichwa kumwambia shikilia hapo hapo, tuko wawili. Akawaangalia wale watu. Akaigeuza kofia yake mikononi, akaivaa.

"Nililiona," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nililiona, na nikapambana nalo. Nilikuwa na kurunzi na filimbi tu. Likanikaba hapa. Nikaling'ata. Likaniambia, kama si wewe ningewamaliza wote. Nilinyamaza ili nisiwatie hofu."

Jamani, makofi! Mama Saluni alilia machozi kabisa. Mwenyekiti akamkumbatia. Palepale mjomba akapandishwa, akawa mkuu wa ulinzi, akaahidiwa msaidizi na buti mpya.

Halafu wakanigeukia mimi. Nimewadhihaki wapangaji. Nimechezea jambo zito. Na kwa usalama wa wote, mtu anayekaa na sanamu ya kiumbe yule chumbani hafai kuishi hapo. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda. Wa mjomba ulipanda wa mwisho, nusu nusu, hadi usawa wa sikio. Lakini ulipanda.

Iliniuma. Sitajifanya shujaa hapa, nililia kama mtoto.

Siku ya kuhama mjomba mwenyewe ndiye aliyenibebea cherehani mpaka barabarani. Akaitua taratibu, akajifuta uso.

"Mwanangu, nilisema kweli, wakataka kunifukuza. Nikasema uongo, wakanipa buti. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia asalimie watoto.

Nilishamsamehe. Watoto wanasoma, na hilo ndilo nililokuwa nalipigania. Mwongozaji alichukua vazi lake, onyesho likafanyika, watazamaji wakalalamika kwamba jitu halitishi.

Juzi mjomba akanipigia simu. Tukaongea habari za nyumbani, tukacheka, halafu akashusha sauti.

"Mwanangu, usije huku jioni. Limerudi. Safari hii lina makucha."

Nikacheka. "Mjomba, acha utani. Huyu ni mimi. Mimi ndiye niliyelishona."

Akashusha sauti zaidi.

"Lako nalijua," akasema. "Mimi nasemea lile jingine. Lile nililopigana nalo."

Nilitaka aseme anatania. Nikangoja. Hakusema, na kwa jinsi alivyokuwa anahema nikajua yuko ndani ameshafunga mlango.

Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, niliogopa.

Ukiniuliza nimejifunza nini, nitakwambia hivi: mtu anayedanganya watu bado unaweza kukaa naye mkaongea. Muogope akishaanza kuuamini uongo wake mwenyewe. Mjomba wangu aliyekuwa hawezi kudanganya hata kwa kusifia gauni baya, leo analala na taa imewashwa.