Gomesi ya Mama Mkwe

Dada yangu alipotuambia kwamba anataka kuolewa, mimi nilimwuliza kwanza nani sasa atatupikia. Ndivyo nilivyo: mdomo hutangulia, akili hufuata nyuma ikichechemea. Kaka yetu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa magari mwenye ndevu zake, alicheka mpaka akamwaga chai. Dada hakucheka. Alikuwa ameinamia cherehani, akashona pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Chakula mtajipikia. Watu wa kwao wanataka kuja kujitambulisha kwa wazazi wangu. Watakuja kwa nani?"

Swali lilikuwa la haki.

Sisi tulikuwa watoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na tulizaliwa katika nyumba za reli pale Nsambya, ambako baba wa huyu katoka Kisumu, wa yule katoka Kongo, wa yule katoka Arua, na wote wanagombana kwa Kiswahili. Baba yetu kwao ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Busia. Akiwa hajanywa alikuwa mtu mcheshi, anayejua kuiga milio ya injini zote. Taabu ni kwamba kutokunywa kwenyewe kulikuwa kwa nadra, na akishakunywa mikono yake ilikuwa mizito. Mama alivumilia, akavumilia, hatimaye akafunga mzigo wake akaenda zake, na hakurudi. Nilipokuwa mdogo nilimlaumu sana. Siku hizi simlaumu, lakini sijui pia kama nimemsamehe. Baadaye Baba alipunguzwa kazini, nyumba ikaenda na kazi, naye akahamia Kyebando kwa mwanamke muuza pombe. Fisi kakabidhiwa bucha.

Dada alikuwa bado anavaa sare ya shule. Alitushika mkono, mmoja huku na mmoja huku, akatuteremsha bondeni kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakasahau kurudi. Mama huyo alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, vile vya chumba kimoja ambavyo Kampala tunaviita muzigo. Tulimwita Mama Mkubwa. Hakutuonea huruma hata kidogo, na namshukuru kwa hilo. Alitupa chumba na kazi siku hiyo hiyo: huyu atachota maji, yule atamenya vitunguu saumu, na dada atajifunza cherehani. "Nyinyi mtakwenda kanisani, mimi nitakwenda msikitini," alituambia, "lakini vyombo tutaosha wote."

Basi dada akawa mshonaji wa sare za watoto wa watu, na kwetu akawa kila kitu kingine. Alitukagua masikio kila asubuhi. Alihudhuria mikutano ya wazazi shuleni amejifunga kitambaa kikubwa kichwani ili aonekane mtu mzima, akikaa katikati ya wamama wenye umri wa kumzaa. Mwalimu akisema mtoto wako ana mdomo mrefu, yeye anaitikia, "Ni kweli, mwalimu, nitamrekebisha." Alinirekebisha kweli, lakini kama mnavyoona, kazi haikuisha. Mimi nikawa mwalimu wa watoto wadogo, kaka akaingia gereji, na chumba kimoja kikawa viwili. Tulikuwa na raha, jamani. Watu hudhani watoto waliotelekezwa hulia kutwa. Sisi tulicheka sana, pengine kuliko inavyofaa.

Ndiyo maana swali la dada lilituchoma. Bwana harusi alikuwa fundi umeme kutoka Kasubi, kijana mpole anayezungumza na nyaya kwa heshima. Lakini watu wa Kasubi wanaishi ubavuni mwa makaburi ya wafalme wa Buganda, na mila kwao si mchezo. Siku ya kujitambulisha lazima kuwe na baba wa binti, mama wa binti na shangazi wa binti. Bwana harusi huleta kanzu ya baba na gomesi ya mama, lile vazi la heshima lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Na zawadi hizo mbili zikikosa wa kuzipokea hurudi zilikotoka, na posa inarudi nazo. Halafu kulikuwa na suala la Kiswahili chetu. Kwa wazee wengi wa Kasubi, Kiswahili kilikuwa lugha waliyoambiwa nayo wafungue mlango na mtu mwenye bunduki. Dada aliogopa kwamba watatutazama waone kundi la watu wasio na kwao, wanaobwata lugha ya askari, na kijana wao ataambiwa atafute kwingine. Alimpenda yule kijana. Hakusema, lakini alianza kuvunja sindano, na dada yangu havunji sindano.

Mama Mkubwa alisema atakuwa shangazi, na asiyependa na ale ndimu. Kaka angekuwa msemaji. Mimi nikatumwa Kyebando kumleta Baba.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kreti ya soda, macho meupe kabisa, siku yake nzuri. Nilipomwambia habari alisimama, akanyoosha mabega, akaniambia nipime kwa mikono upana wake ili kanzu isije ikambana. Aliuliza jina la ukoo wa kijana, akauliza kama binti yake amenenepa. Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba atakuja, atakuja mapema, na hataonja kitu. Nilirudi Nsambya ninapiga mluzi. Kaka aliponiuliza kama nimemwamini nilimwambia akome kuwa na roho mbaya.

Siku ilipofika tulitandika mikeka na kupanga viti uani. Kiti cha Baba tukakiweka mbele, chenye mto. Mama Mkubwa alikuwa amepika pilau tangu alfajiri, mpaka mbwa wa mtaa wa pili walijua. Saa nne hakuna Baba. Saa tano hakuna Baba. Wageni wakatokea kwenye lango la mabati, wanaume wamevaa kanzu na makoti juu yake, wanawake wamevaa magomesi yanayong'aa, vikapu vichwani, wakasimama pale nje kimya kimya wamejipanga.

Sasa, kwa mila yao, wageni wale husimama pale mpaka waulizwe wamefuata nini. Kisha hukalishwa upande wao, msemaji wao anajibizana na msemaji wa wenyeji kwa utani na mafumbo kwa saa nyingi, na chakula huja mwisho kabisa, wakishakubaliwa kuwa wakwe. Sisi hatukulijua hilo. Tulijua alichotulelea Mama Mkubwa, kwamba mgeni akifika mlangoni hulishwa kwanza, maneno baadaye. Mama Mkubwa aliwaona wamesimama juani akapigwa na aibu. "Mnawaacha watu mlangoni kama wadai?" akatukemea. Akafungua lango kwa mikono miwili, "Karibuni, karibuni, mgeni njoo mwenyeji apone," akawaongoza moja kwa moja mikekani. Kaka akapita na birika na beseni akiwanawisha mikono. Mimi nikashusha masinia ya pilau.

Wageni walitazamana. Msemaji wao, mzee mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa amefungua mdomo kuanza hotuba yake ya kutafuta ua lililochanua katika bustani yetu. Akauona mguu wa kuku juu ya wali. Akaufunga mdomo, kisha akaufungua tena kwa kazi nyingine. Walikuwa wameamka alfajiri kujiandaa, hawajala, na pilau ya Mama Mkubwa haijawahi kukataliwa na kiumbe hai.

Walipokuwa wanalamba vidole, msichana mmoja wa upande wao aliniinamia sikioni akicheka. "Kwetu mtu anakula akishapewa bibi," akaninong'oneza. "Nyinyi mmeshatupa. Hata hatujaomba."

Nilimtazama dada, aliyekuwa amepiga magoti mkekani kando yetu ameinamisha macho kama alivyofundishwa, nikajua naye amesikia. Nilimwambia kaka kwa macho afanye jambo. Kaka, ambaye alikuwa amekariri Kiganda chake wiki nzima, alisimama, akasahau chote, akakaa.

Aliyetuokoa ni mzee mwenyewe. Alijifuta ndevu, akainuka taratibu, akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, na ninakiandika kama kilivyotoka: "Sisi nakuja kuomba. Lakini watu hii imetupatia chakula mbele ya kuuliza jina. Mimi nilikuwa na maneno mingi sana. Sasa tumbo imejaa, maneno imekosa nafasi." Watu wakacheka, wao na sisi, na mabega ya dada yakashuka kidogo. Vikapu vikaanza kuingia, nyama, sukari, ndizi, chumvi. Mama Mkubwa akapewa gomesi yake ya ushangazi, akaipokea kwa madaha ya mtu ambaye ukoo wake umepokea vitambaa tangu enzi za misafara.

Kisha mzee akainua vifurushi viwili vya mwisho. "Baba wa binti asimame."

Uwanja wote ukatazama kiti chenye mto. Tulikuwa tumekubaliana kwamba likitokea hilo kaka atasema Baba yuko safarini kikazi. Kaka alisimama kusema, akaishia kurekebisha kola ya shati. Mimi nilikuwa nimekaa na hasira tangu saa nne, na mabega ya Baba niliyoyapima kwa mikono yangu mwenyewe yalikuwa bado vidoleni mwangu. Nikasimama.

"Baba yetu hakuja," nilisema. "Yu hai, yuko Kyebando, aliahidi, na hakuja. Mama yetu aliondoka zamani na hatujui aliko. Tusiwadanganye, tumeshakula pamoja."

Hakuna aliyenikataza. Bibi mmoja wa upande wao, shangazi wa bwana harusi, aliuliza kwa Kiganda, na msemaji akatafsiri: kama hivyo ndivyo, nyinyi mmelelewa na nani? Watu wakamgeukia Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akatikisa kichwa. "Mimi nilitoa chumba na kelele," akasema. "Aliyewalea mnamwona hapo amepiga magoti."

Kanzu akavishwa kaka. Mzee alimvisha mwenyewe, na kwa kuwa ilishonwa kwa mtu mpana, kaka alipotea humo ndani tukabaki na ndevu. Hapo watu wakacheka tena. Lakini gomesi ilibaki mkononi mwa mzee, naye akaanza kukuna shingo. Nilimpokonya, sina neno jingine, nikaenda mkekani nikaifungua juu ya mabega ya dada. Nilikuwa ninalia waziwazi, mimi ninayejidai mkavu.

"Haiwezekani," alisema mzee. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma kwenye ukuta. Kisha akatueleza. Kwao, mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hali chakula naye, wala hakai karibu naye, la sivyo mikono yake itatetemeka maisha yake yote. Sasa binti akivaa gomesi ya mama yake, mama mkwe ndiye yeye. Je, kijana atamwoaje mwanamke asiyeruhusiwa kumsogelea?

Bwana harusi, ambaye kutwa nzima hakuwa ametamka neno, alijitazama mikono kwa wasiwasi wa kweli. Kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja, Kiganda huku, Kiswahili huku. Dada alikuwa chini amefunikwa na hariri, hatikisiki, na nilijua anasubiri kuvuliwa. Nilimshika bega nikaapa moyoni kwamba atakayemvua ataanza na mimi.

Ndipo yule bibi, shangazi wa bwana harusi, akagonga mkeka kwa kiganja. Alisema maneno machache. Mzee akasikiliza, uso ukamfunguka, akatutafsiria. Binti na avae. Leo, ndani ya lango hili, yeye ni mama, na kijana atakaa mbali kama inavyopaswa. Siku atakapotoka nje ya lango, gomesi itabaki humu, na atakayetoka ni bibi harusi tu.

Tukamsimamisha. Mama Mkubwa akamfunga mshipi. Tukamtoa mkekani tukamkalisha kwenye kile kiti chenye mto, na bwana harusi akasukumwa mpaka mwisho wa uwanja, karibu na banda la kuku. Mzee akamnong'oneza kitu. Kijana akapiga magoti palepale kwenye vumbi, suruali yake mpya na yote, akainamisha kichwa kama mkwe afanyavyo.

"Mama," alisema kwa sauti, ili ifike, "nashukuru kwa kunilelea mke wangu."

Dada, ambaye hakupaswa kuinua macho siku ile, aliyainua. Akatutazama mimi na kaka, akamtazama yule kijana kule mbali.

"Alilelewa kwa shida," akamjibu. "Mtunze."