Niliandika tuko wanne kwenye fomu ya figo. Tulikuwa watano

Wakuu, asalaam aleikum, na heri kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe. Palipo na kosa langu nitalitaja kwa jina lake.

Mdogo wangu Salim, figo zake zote mbili zilikufa. Alikuwa akiishi kwa dialysis, mashine ya kumsafishia damu, mara mbili kwa wiki. Daktari akasema atafutiwe figo ya ndugu.

Tulikaa kikao nyumbani, Bondeni, nami nikajitolea. Hoja yangu niliiona haina mpinzani: kundi letu la damu ni moja, na kwa tunavyofanana, wenye maduka wa Biashara Street huniita Salim mpaka leo.

Hospitalini, bibi wa maabara alinipa fomu. "Baba, wa baba mmoja na mama mmoja, mko wangapi?"

Nikaandika wanne.

Tulikuwa watano. Zuhura, kitinda mimba wetu, nilimfuta miaka tisa iliyopita alipoposwa na mtu wa bara, mfanyakazi wa reli. Bwana yule alikuwa amesilimu. Nikasema kasilimu kwa ajili ya mke, nikawafungia mlango. Nimesoma vitabu vingi. Sababu za kufunga mlango sikuzikosa.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe, kwa wasiokijua.

Tissue typing haitazami sura. Huchukua damu, hutoa DNA, na husoma sehemu iitwayo HLA, yaani alama ambazo mwili hutumia kumtambua wa kwake na mgeni. Nusu ya alama hizo hutoka kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wawili huweza kulingana nusu zote mbili, au moja, au wasilingane kabisa.

Majibu yalikuja. Mimi na Salim: hata nusu moja.

Wale ndugu zetu wengine wawili walilingana naye nusu moja, lakini mmoja ana kisukari na mwenzake ana presha.

"Hakuna mwingine, baba?" bibi wa maabara akauliza.

Salim, kwenye kiti chake, akajibu: "Yuko. Kaka hakumhesabu tu."

Kwetu, jambo zito haliendewi mikono mitupu. Nikavuka Feri hadi Likoni, kwa Zuhura, nikiwa na sinia la halua, doti mbili za kanga, na shangazi wa kunisemea.

Zuhura alilitazama sinia. "Shangazi, hapa nani anaposwa?"

Shangazi akakohoa. "Tumekuja kwa heri, mwanangu. Ni Salim..."

"Nilipoposwa mimi, kaka hakufungua mlango. Leo mwaja na halua kuposa figo?"

Mumewe akatoka na birika. "Shemeji, karibu chai."

Nikaketi, nikanywa. Chai ilikuwa nzuri. Nalazimika kulisema hilo pia.

"Salim nampa," Zuhura akasema. "Kwa hilo ungepiga simu tu, halua ukaila mwenyewe. Lakini ile fomu, kaka, utairudia. Andika watano, kwa mkono wako."

Niliirudia. Bibi wa maabara akaisoma. "Safari hii una hakika, baba?"

Nikasema ninayo.

Zuhura alilingana na Salim nusu zote mbili. Baada ya vipimo vingine vingi, figo ikahamia. Salim sasa anakojoa, na analalamika kwamba anakojoa mno. Shemeji huja Ijumaa baada ya swala, akaketi kwenye kiti changu. Sijamwambia kwamba ni changu.

Nililojifunza ni hili. Mimi niliye na sura ya Salim, mwili wake ungehangaika kunitupa nje kama mgeni. Niliyemfanya mgeni ndiye aliyepokewa. Nilikuwa na vitabu vyote, na kuhesabu ndugu zangu kukanishinda.

Mliowafuta ndugu zenu, andikeni hapa chini. Nitasoma kila neno. Wanaotaka kunitetea wasijisumbue. Hoja zao zote nilizitunga mwenyewe, kwa miaka tisa.