Mbasa wa Nyuma ya Nyumba

Sisi tuliokulia Mwaya, kando ya ziwa, enzi zile hatukuhitaji redio kujua kwamba masika yamekolea. Mto ulivuka kingo zake ukaingia kinamasini nyuma ya nyumba yetu, na asubuhi tulikuta maji yamefika kwenye migomba. Kinamasi kile baba alikirithi kwa babu. Matete yalimpita mtu mzima kimo, na chini yake maji yalikuwa ya uvuguvugu, yananuka matope na majani yaliyooza.

Mimi na Tupokigwe, binti wa jirani, tulijitosa humo mpaka magotini, sketi za shule tumezikunja. Mbasa wakubwa, samaki wa ziwa letu, walipanda mto kutaga, na watoto wao walijificha kwetu hadi wapate nguvu ya kuingia ziwani. Walitudonoa miguuni mpaka tukacheka hovyo. Baba alituruhusu kucheza nao, siyo kuwachukua. "Huyo hajawa samaki bado," alisema. "Mrudishe kwao." Siku moja Tupokigwe alificha watatu kwenye kopo. Baba akamtuma awarudishe, mvua ikinyesha. Alirudi analia, mama akampa bakuli la ndizi za moto, akanyamaza.

Kisha tukawa watoto sita, na shamba la juu halikututosha. Baba yule yule akachimba mfereji, akakausha kinamasi apande mpunga. Nilichimba naye. Mpunga ule ulitusomesha, siwezi kuulaani, lakini mbasa walipungua mwaka hadi mwaka, mpaka wanangu wakakua wakila samaki wa barafu kutoka mbali.

Baba alifariki, ndugu zangu wakatawanyika. Tupokigwe tulimzika mwaka juzi. Shamba likabaki mikononi mwangu, na mwaka jana wanakijiji wanaorudisha vinamasi wakaja kuniomba tuuzibe ule mfereji, samaki wapate tena pa kulelea watoto wao. Nikampigia mdogo wangu Lusajo, aliyeko Mbeya.

"Dada, unawapa samaki shamba la baba?"

"Nawarudishia."

Akakata simu. Hajanipigia tangu siku hiyo.

Tuliuziba kwa mifuko ya mchanga, tukapanda matete. Msimu ule sikuvuna mpunga. Nilikula ndizi, nikangoja mvua.

Masika ya mwaka huu mto ulipofurika, niliingia majini na fimbo yangu, polepole, maana magoti si yale. Nilisimama mpaka matope yakatulia. Ndipo nikawaona kwenye kivuli cha matete, wembamba, wanang'aa ubavuni, wote wameelekeza vichwa kunakotoka maji. Nikawapiga picha, nikamtumia mjukuu wangu Dar es Salaam. Akajibu, "Bibi, hao dagaa utawakaanga?" Kizazi hiki kinamjulia samaki kwenye sahani. Nikampigia Lusajo. Simu iliita mpaka ikakatika.

Zamani mahali hapa palikuwa na kelele za watoto kiasi kwamba hata ndege hawakutua. Siku hizi ndege wanatua watakavyo. Maji yamerudi, matete yamerudi, na watoto wa mbasa wamerudi bila kuitwa. Nilikaa nao mpaka miguu ikafa ganzi, nikitazama njia ya nyumbani, pengine atatokea mtu nimwonyeshe.