Mwanya wa Mkunga

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na huu ni mwaka wa tatu anapigana na kopo la rangi. Mniwie radhi nikisema kwa hasira. Hasira ninazo.

Mama yake alikuwa mkunga. Alizalisha nusu ya mtaa huu, akafa bila kupigwa picha hata moja, maana kila akijiandaa kwenda kwa mpiga picha, kuna mtu kashikwa na uchungu. Ndipo fundi wangu akapita nyumba kwa nyumba: kila aliyezaliwa mikononi mwa mama atoe ufunguo mbovu. Tulijaza ndoo mbili. Akaziunga funguo moja moja hadi uso ukatoka: paji, mashavu, na ule mwanya wa meno ya mbele, ukiuona tu unajua mama anacheka. Tukamsimamisha langoni mwa zahanati.

Kutu ndiyo ilikuwa rangi ya ngozi yake. Kila mwezi fundi alimpaka oili chafu kwa kitambaa ili kutu isizidi kula. Lakini wakaguzi wakikaribia, mlinzi wa zahanati anaona aibu, anampiga rangi ya fedha. Mume wangu anakwangua. Wakaguzi wakirudi, anapakwa tena. Ni kutwanga maji kwenye kinu.

Safari hii tulimkuta anang'aa kama sufuria mpya. Mlinzi naye kasimama pembeni, bashasha tele.

"Shemeji, mwaka huu nimemtengeneza kweli. Hata lile pengo la meno nimeliziba kwa gundi ya chuma. Alikuwa anatia huruma."

"Lile si pengo, ni mwanya wake. Wewe mwenyewe alikuzalisha, hukumwona akicheka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa na siku moja, shemeji."

Mume wangu alitoa patasi, akaanza kugonga polepole. Gundi ilikuwa imeshakuwa jiwe. Alipogonga mara ya nne ikang'oka, na jino moja likang'oka nayo.

"Jino si utaliunga tu," nikamwambia.

"Niliunge wapi?" Akaushika ule ufunguo uliokuwa jino mdomoni mwa mama yake, akausogeza karibu na jino lililobaki, kisha akaurudisha nyuma kidogo. "Hapa? Au hapa?"

Mlinzi akaangalia chini. Mimi nimeishi na mama nyumba moja miaka kumi na miwili, nikichekwa na kuchekeshwa naye kila siku, na upana wa mwanya ule sikuukumbuka.