Aberdeen ya Baba Yangu

Mvua Maskati hainyeshi mara nyingi, na labda ndiyo maana sijaizoea harufu yake. Matone ya kwanza yakiangukia ile milima iliyochomwa na jua mwaka mzima, mawe hutoa pumzi ya moto na vumbi, kama sufuria iliyosahauliwa mekoni ikamwagiwa maji. Wenzangu hufurahi, wakatoka na magari yao kwenda kuangalia mabonde yakijaa. Mimi hufunga dirisha. Nikiisikia tu harufu ile, namwona baba yangu amesimama uani kwetu, mtaa wa Ghubra, kanzu imemganda mgongoni, ananiita, "Zuwena! Njoo uone mawe yanavyometa!"

Hayakuwa yakimeta hata kidogo. Yalikuwa mawe ya kahawia yaliyorowa. Lakini Baba aliona mengine.

Alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana pamoja na wazee wake, na kabla hajalizoea joto la huku akapelekwa kusoma uinjinia wa mafuta Aberdeen, mji wa pwani kaskazini mwa Skotilandi. Akakaa huko ujana wake wote. Likizo za kiangazi alikuwa akitembeza wageni mjini, na nadhani ile ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote alizofanya baadaye, hata ile kubwa ya jangwani iliyotujengea nyumba.

Basi kila Ijumaa alasiri, nilipokuwa na miaka minane hivi, alinichukua pwani, yeye mtembezaji, mimi mgeni. "Wageni wangu watukufu," alianza, ingawa nilikuwa peke yangu na kandambili mkononi, "mji huu mnaouona wote umejengwa kwa mawe ya kijivu. Mawe magumu, yana chembechembe kama chumvi. Likiwa wingu, mji mzima umenuna. Mvua ikinyesha kisha jua likatoka, unang'aa kama fedha." Alionyesha kwa bakora yake upande wa kulia, ambako palikuwa na duka la matairi, nami niligeuza shingo kwa adabu kama mgeni anavyotakiwa.

Aliniambia kuwa nyumba nyingi za mji ule zilitoka ndani ya shimo moja. Watu walichimba na kuchimba, wakapandisha mawe wakajenga majumba, makanisa na mabenki, mpaka shimo likawa refu kupita kiasi, wakaliacha, likajaa maji. Aliniambia habari za bandari iliyoingia katikati ya mji, hata ukisimama dukani unaona mlingoti wa meli mwisho wa njia. Aliniambia habari za wanawake waliokuwa wakipasua samaki kutwa nzima kwenye baridi, vidole wamevizungushia vitambaa ili kisu kisiwakate, na wakifanya kazi huku wanaimba. Na mikate yao bapa, ya chumvi na mafuta mengi, waliyookewa wavuvi ili isiharibike baharini. "Mkavu kama kiatu," alisema, "lakini ukiuzoea huachi."

Kilichonifurahisha zaidi ni salamu yao. Wao hawasemi Kiingereza cha skuli. Huuliza, "Fit laik?" nawe unajibu, "Nee bad." Tulikuwa tukiamkiana hivyo asubuhi mezani, na Mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia vitu dukani, akitutupia macho huku akimimina chai. "Mwache mtoto ale," akisema. "Wewe na Aberdini yako!"

Mwalimu wetu alipotuambia tueleze maisha ya wavuvi wa kwetu, nilisimama nikaeleza vile vitambaa vya vidoleni na ule ukungu wa kiangazi unaopanda ghafla kutoka baharini mpaka mtu haoni mlango wa jirani yake. Darasa zima lilicheka. Baba nilipomhadithia hakucheka. Alisema, "Lakini ndivyo ilivyo," akarudia, "ndivyo ilivyo, Zuwena," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mwongo.

Mwaka ule akaacha kwenda kazini. Niliambiwa amepewa mapumziko, nami nikaona ni bahati yangu, maana sasa matembezi hayakungoja Ijumaa. Alinipitia skuli, tukazunguka na gari Ghubra yote kutafuta ile njia kuu ya Aberdeen, aliyoniambia imepita juu ya mabonde kama daraja bila mtu kujua kuwa yuko darajani. Tulizunguka duara moja mara nyingi. Mie nilidhani mchezo umenoga.

Siku moja alinipeleka Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya Maskati ya zamani. Alisimamisha gari, akateremka, akazitazama zile nyumba nyeupe na milango yake iliyoelekea baharini. Uso ukambadilika.

"Nani kazigeuza nyumba hizi?" aliuliza.

Nilijua anachosema. Mtaa wa wavuvi wa Aberdeen umejengwa kuipa bahari mgongo. Milango inatazama ndani, uani, kwa sababu ya dhoruba. Nikajibu kama mgeni mzuri: "Labda upepo umebadilika."

Hakunisikia. Alikwenda akabisha hodi nyumba ya kwanza. Akafungua mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na nyuzi za wavu begani, akasalimu kwa Kiarabu, akatukaribisha kahawa bila kutuuliza ni nani. Baba akamwambia, "Fit laik?" Mzee akabaki mdomo wazi, nami nikaangua kicheko, nikajibu kwa niaba yake, "Nee bad!" Nadhani sijapata kucheka vile tena maishani mwangu.

Kisha Baba akampita yule mzee, akaingia ndani. Akafungua mlango wa chumba, akaufunga. Akafungua wa pili. Wanawake wa mle wakapiga ukelele wakijifunika. "Chumba changu kiko wapi?" alikuwa akiuliza kwa Kiingereza. "Vitabu vyangu viko wapi? Kesho nna mtihani." Akakaa chini penye ukumbi, akajishika kichwa, akalia kwa sauti, mtu mzima, injinia, na kofia yake ya kudarizi imeanguka ubavuni.

Yule mzee hakugombana. Alimfunika mabega kwa shuka, akaniuliza polepole kama najua namba ya simu ya nyumbani. Nilikuwa naijua. Akaja Ami Hilali, mdogo wake Baba, pamoja na Mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna, kwa sababu niliona wamekuja kutuharibia mchezo.

Baada ya hapo nyumba ilijaa madaktari, maji ya kusomewa, asali za kila namna, na shangazi waliozungumza kwa minong'ono. Baba alikaa dirishani. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa Unguja. Jioni moja nikamsikia Mama anamwambia Ami Hilali, "Nnampeleka Aberdeen."

"Kuna hospitali huko ya maradhi haya?"

"Nnampeleka," alisema Mama, "usiniulize."

Mimi niliachwa kwa Ami. Nilihesabu kuwa ni jambo jepesi: mtu amepotelea mahala, anapelekwa pale pale, anajiokota, anarudi. Niliwatangazia wanafunzi wenzangu kwamba baba yangu anakwenda kupona. Nilipanga hata maswali. Nilitaka nijue lile shimo bado lina maji.

Walirudi baada ya muda mfupi. Uwanja wa ndege nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni. Alinitoa mikono taratibu, bila ukali, akanipa mkono wa kuamkia. Akamgeukia Mama akasema kwa Kiingereza safi, "Binti mzuri. Wa nani?"

Nilimchukia Mama kwa jambo lile. Niliamini kuwa amempoteza baba yangu kule, akatuletea mwanamume mwingine mwenye kanzu yake. Na ule mji niliuchukia zaidi. Picha zake zikitokea kwenye televisheni nilitoka chumbani. Baba aliishi miaka michache tena, kila mwezi akipungua kidogo, mpaka maneno yote yakamwisha, ya Kiswahili kwanza, kisha ya Kiarabu, ya Kiingereza mwisho. Tukamzika wakati wa joto kali.

Haya mengine Mama hakuniambia mpaka mwaka jana, na mie nshakuwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Tulikuwa tumekaa tunachambua mchele. Sijui nini kilimjia, akaanza tu.

Alisema walipofika, alimshika mkono Baba wakasimama kwenye ile njia kuu. Baba akatazama majumba ya kijivu huku na huku, akamuuliza, "Mji gani huu?" Mama akamjibu. Baba akasema hajawahi kuusikia. Basi Mama, na kile Kiingereza chake cha dukani, akaanza kumtembeza. Alimwonyesha mawe, akamwambia yana chembechembe kama chumvi. Alimpeleka bandarini. Alimpeleka kwenye mtaa wa wavuvi, akamweleza kwa nini nyumba zimeipa bahari mgongo. Alimwambia habari za wanawake na vitambaa vyao. Kumbe miaka yote ile, huku akitufokea tule, hakuna neno lililompita.

"Alinisikiliza vizuri," Mama alisema. "Akitingisha kichwa. Tulipomaliza akanishukuru, akaniuliza kama nna mume. Nikamwambia nnaye. Akasema, basi nisikucheleweshe."

Nilimuuliza lile swali ambalo utotoni sikupata jibu lake: kama madaktari wa huko walisema kuna tamaa yoyote ya kupona.

Mama alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Hatukwenda kwa daktari, mwanangu. Daktari wa hapa alikwishanambia kabla, maradhi haya hayana kurudi. Mie nlikuwa nnalala na mtu ambaye keshahama. Kila siku yuko Aberdeen, Aberdeen. Nkasema, basi na nifunge safari, nikaone hapo mahala mume wangu anapoishi."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Nkafika," alisema. "Na huko pia hayupo."